Homa Niliyojigundulia Nyaishozi

Bora niseme mwenyewe, maana Nyaishozi nzima inajua. Mradi wetu unatafuta vyanzo vya homa kali kwa wagonjwa wa zahanati. Jumanne nilizunguka nyumba tisa kuwahoji waliopona, na kila nyumba ilinikaribisha kwa kisahani cha kahawa ya kutafuna, punje kavu zinazotafunwa kama karanga. Niliogopa kuonekana nina dharau, nikawa namaliza yote.

Kufika saa kumi mikono ilitetemeka, moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka. Nikajua nimeambukizwa. Nikakimbilia zahanati huku nimempigia mama kumuaga, naye akaanza kusali kwa sauti simuni.

Muuguzi akanipima. "Thelathini na sita na nusu. Homa iko wapi, kaka?"

"Labda ni ugonjwa mpya," nikasema.

"Umekula nini?"

"Kahawa tu. Nyumba tisa."

Bibi mmoja kwenye foleni akashika kichwa. "Mjukuu wangu, mgeni anatafuna punje mbili, kisahani anarudisha!"

Foleni ikacheka, hata wenye homa ya kweli. Muuguzi akaninyang'anya simu, mama bado anasali.

"Shikamoo, mama. Kijana wako hafi. Ila leo halali."