Nusu ya Kiwanja cha Hermelinda

Barua haikuwa ya Placida, lakini hasira ilikuwa yake. Aliyeandikiwa na kamati ni Hermelinda, jirani yake kwenye viwanja vya mboga vya kukodi kule Lewisham, London. Eti nusu ya kiwanja chake imetelekezwa. Kanuni inataka robo tatu ilimwe. Jumamosi ikifika hajapanda, arudishe ufunguo wa geti.

"Imetelekezwa," Placida alisema, kidole juu ya karatasi, akisoma neno kwa neno. "Nani kawaambia? Udongo umelala."

Yeye ni mtu wa Makete, kwenye baridi na viazi. Shamba lililoachwa na shamba lililopumzishwa anayajua, kama mama anavyomjua mtoto aliyelala na mtoto mgonjwa.

Hermelinda naye alizaliwa milimani, Facatativá, mji wa Kolombia ulio juu hata alfajiri nyingine majani huamka meupe kwa barafu. Mji mkuu, Bogotá, hauko mbali, ni safari fupi ya basi. Baba yake alilima viazi, na kila shamba lilikuwa na mwaka wake wa kulala. Halafu Bogotá ikavimba, ikataka viazi kila siku, na mzee akaacha kulaza mashamba. Mwaka wa nne viazi vilitoka vidogo kama gololi, vimetobolewa na wadudu. Akawauzia ardhi watu wa maua. Wakafunika bonde kwa mahema ya plastiki, waridi zikawa zinapanda ndege. Hermelinda alizikata waridi hizo miaka tisa, kwa kibarua, juu ya ardhi ya baba yake mwenyewe. Ndipo akaja London kufagia ofisi za watu.

Ijumaa Placida alivuka waya wa mpaka na jembe lake. "Dada, nakutupia maharage mistari miwili tu. Wakiona majani watanyamaza."

Hermelinda akalikanyaga jembe. "Weka chini. Baba naye alianza hivyo hivyo. Mistari miwili tu."

"Watakunyang'anya, kichwa kigumu wewe."

"Kichwa kigumu anasema nani?"

Placida aliliachia jembe. Akabaki ameukodolea macho ule waya.

Jumamosi Tom wa kamati alikuja na futi yake. Akawakuta wamekalia ndoo, waya uliotenga viwanja vyao umekunjwa pembeni.

"Waya uko wapi, Bi Placida?"

"Tumeung'oa. Sasa ni kiwanja kimoja. Kwangu kumelimwa kote, kwake nusu. Pima."

Tom akapima. Robo tatu kamili. Akapima tena, taratibu, kama anayetafuta alichodondosha.

"Basi majina mawili kwenye kadi moja ya kiwanja," alisema. "Mmoja akikosea, mnaondoka wote."

"Lete kalamu."

Placida aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Tom alipotoka, hasira ilikuwa palepale.

"Miaka thelathini nimepiga deki hospitali zao usiku kucha," alisema. "Leo hata udongo unaombewa ruhusa ya kulala."

Hermelinda alikuwa ameinama upande wa Placida, akisugua donge la udongo kiganjani.

"Mwakani inalala nusu ya huu wako."

"Wangu haujachoka."

"Umechoka. Shika mwenyewe."

Placida alishika, ukapukutika kama majivu. Akaurudisha chini taratibu, kama anayemlaza mtoto, akaenda kuchukua ndoo yake.