Lori la Mbao la Glenys

Hapa Broken Hill, mji wetu wa migodi Australia, Neville Trezise hutengeneza vigari vya mfano, na hapendi kabisa kuelekezwa kazi. Jirani yake Glenys alimletea lori la kuchezea la mbao la marehemu mwanawe, mfano wa yale ya mgodini.

"Gurudumu tu, Nev. Limechomoka."

"Gurudumu tu? Na rangi hii iliyobabuka kama upele? Hebu niachie mwenyewe."

Nani alimtuma? Alikwangua rangi yote, akaziba kwa puti vishimo vya kwenye kichwa cha lori, akapiga msasa, akapulizia rangi nyekundu mara tatu. Wiki nzima hakuonekana baa. Lori likang'aa kama limetoka dukani.

Glenys alilipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya kichwa cha lori, akarudia, akarudia tena.

"Vipi, hujalipenda?" Neville akauliza, kashaanza kukasirika.

"Zilikuwa hapa, Nev. Alama za meno yake. Alikuwa akiling'ata wakati anaota meno."

Neville akalisukuma gurudumu kwa kidole. Lilizunguka vizuri sana.