Sauti ya Jini Bwege

Ukimkuta sokoni akichagua nyanya, huwezi kudhani kwamba mama huyu mwenye wajukuu watatu ndiye mvulana wa miaka kumi na miwili anayejamba mbele ya wafalme. Ndiyo kazi yake. Mwaka wa sita huu, yeye na shoga yake Besi wanaingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni moja ya Kijapani isiyo na adabu hata chembe. Shujaa anachomoa upanga, muziki unapanda, adui anatetemeka kama kwenye zile filamu kubwa za vita, kisha mtu anajamba na vita vinaishia hapo. Mvulana ni yeye. Jini bwege, rafiki wa mvulana, ni Besi. Mashuzi yote wanayatoa wenyewe kwa mdomo, na wanayaonea fahari kuliko vyeti vya watoto wao.

Kisha Besi akapasuliwa koo. Sauti ile nzito iliyompa jina ikarudi imechanika, na studio haina subira. Alhamisi akaletwa binti kujaribiwa. Akifaa, ndiyo basi tena kwa Besi. Besi mwenyewe alikuja na skafu shingoni, akaketi nyuma ya kioo, eti anatazama tu.

Binti alikuwa hodari, tuseme ukweli. Aliyeharibu ni mama yetu. Mara ya kwanza alichelewa kuingia. Ya pili, vilevile. Ya nne, fundi mitambo akavua visikizio.

"Shangazi, unasubiri nini?"

"Nasubiri kukanyagwa," akajibu, akaona aibu papo hapo.

Maana Besi humkanyaga kidole cha mguu kila zamu ya mvulana kuongea ikifika. Miaka yote hiyo mama huyu hajawahi kuangalia taa inayowaka kumwambia aanze. Ikabidi Besi aitwe ndani, kazi yake kukanyaga tu, na mambo yakaenda.

Wakafika pale mvulana amezirai, na jini, aliyechomwa mkuki shingoni, anambeba mgongoni. Katikati ya upuuzi wake wote, katuni hii inajua kukushika moyo. Binti akavuta pumzi, akamtazama Besi, akasogea pembeni kumpisha kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyemtuma.

"Nipo," akasema Besi kwa sauti ile iliyobaki. "Lala tu. Nipo."

Hapo mvulana alitakiwa kujamba usingizini. Mama wa watu akashindwa. Akalia kizeezee, kwa sababu anampenda shoga yake na kwa miezi miwili alikuwa anaogopa bila kumwambia mtu.

Msimamizi wa studio, kule nyuma ya kioo, akabonyeza kitufe cha kuongea nao. "Jini si kachomwa shingoni? Basi ataongea hivyohivyo mpaka mwisho."

Besi akamgeukia binti. "Mwanangu, wewe unasoma vizuri kuliko mimi."

"Najua, mama," binti akasema. "Ila mimi sina wa kunililia hivi."

Besi akamshika mkono. "Kesho uje. Kuna malkia anajamba vipindi vitatu mfululizo, na sisi wawili hatumwezi."