Mawe ya Munguti Ndani ya Maji

Munguti alichonga mawe ya kujengea kwa miaka ishirini na miwili katika kwari za Kitengela, mpaka asubuhi moja mgongo ukakataa kuinuka naye. Daktari akamwambia apumzike. Kwa mtu wa nyundo na tindo, kupumzika ni adhabu. Akawa wa kukaa sebuleni, akisikiliza malori yakipita na mawe yaliyochongwa na wengine.

Ndipo Valerie, jirani wa mlango wa pili, alipopata kazi Kisumu, akamwachia tangi lake la vioo na samaki saba wenye asili ya Ziwa Nyasa.

"Usiogope, mzee," alimwambia. "Haya maji yetu ya kisima, ya chumvichumvi, yenye yanaharibu chai, hawa ndio wanayapenda."

Walikuwa samaki wa samawati na manjano, ukoo mmoja na ngege wanaouzwa sokoni, lakini wakali ajabu. Dume mkubwa, ambaye Munguti alimwita Chifu, alijitwalia pango la katikati na nusu ya tangi. Aliyevuka mpaka alifukuzwa hadi kwenye kona.

Alasiri jua lilipopenya majini, ukuta mzima ulicheza mawimbi ya mwanga. Munguti alitazama mpaka asijue kama yuko macho au amelala. Aliona kwari yote imejaa maji, na samaki wakipita polepole juu ya ngazi za mawe alizokata ujanani. Naye alikuwa kati yao, mwepesi kama unyoya, mgongo hauumi.

"Baba Katee, umeanza kuongea na samaki?" mkewe Ndunge alimuuliza.

"Nawasikiliza tu."

Wiki moja jike mdogo wa manjano akaacha kula. Kidevu chake kilivimba, na kila alipotokeza, Chifu alimrukia. Munguti akampigia Valerie simu.

"Haugui, mzee. Ako na mayai mdomoni. Atayabeba karibu wiki tatu bila kula, mpaka watoto watoke. Mtafutie tu mahali pa kujificha."

Munguti alikaa na maneno hayo siku nzima. Kesho yake aliomba aletewe vipande vya mawe kutoka kwari, akaketi mlangoni na tindo, akavichonga taratibu, kimoja kimoja, akitoboa vishimo ambavyo Chifu asingeweza kupenya. Mgongo ulilalamika, hakuusikia. Alivisugua, akavisuuza, kisha akazamisha mkono hadi begani na kupanga upya tangi lote. Pango la Chifu akalivunja.

Chifu alizunguka jioni nzima kama mgeni aliyepotea mjini Bisil siku ya soko. Jike akateleza ndani ya jiwe, akatulia.

Kila alasiri Munguti aliota kwamba yeye ndiye jike yule: giza la pango, mdomo uliofumbwa, uzito mtamu wa kitu usichoweza kukiweka chini.

Siku ya kumi na tisa, Ndunge ndiye aliyeita. "Baba Katee! Njoo uone!"

Mbele ya jiwe palikuwa na wingu la vitone vyenye macho, na mama yao akilinda. Munguti alipogusa kioo, wingu lote likaingia tena mdomoni. Ndunge akaangua kicheko, akavuta kigoda karibu na mumewe. Wakakaa hivyo, mabega yakigusana, mpaka mwanga ukahama ukutani.

Si wote waliokua, wengine waliliwa. Kumi na mmoja walibaki. Siku jike alipoanza kula tena, Ndunge ndiye aliyemnyunyizia chakula.

"Kula, mama," alimwambia. "Umefunga vya kutosha."