Ndeke Yangu Inakula Nini

Kuna watu hapa Mabanga, mtaa wetu wa Goma, wanaopikia maharage ndani ya mabawa ya ndege yangu, na wao hawajui. Ilipofika mikononi mwangu, mabawa yalikuwa yameshakwenda. Watengeneza sufuria wa mtaani walinitangulia: waliyakata, wakayayeyusha, wakayamimina kwenye mchanga, na leo yako jikoni mwa watu yakitoa mvuke. Hata sasa nikienda kumsalimia jirani nikakuta sufuria iko motoni, huwa naigonga kidogo kwa ukucha na kusikiliza. Mke wangu husema siku moja nitapigwa mwiko.

Kwa hiyo nilichopata ni kiwiliwili, mkia, na pua iliyobeba injini iliyokufa. Ilikuwa ndege ndogo ya watu wanne, tena watu wanne wasiokula sana. Mimi ni fundi wa friji. Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa Vitshumbi alikuwa na chumba cha baridi hapa mjini kilichogoma, na nyuma ya chumba hicho, kati ya kreti tupu, ndege hiyo ilikuwa imekaa miaka mingi, kuku wakilala juu ya mkia wake. Nilipomaliza kazi aliniuliza anilipe nini. Nikanyoosha kidole. Alicheka, akaniuliza kama nimekula, kisha akanishauri niichukue upesi kabla mke wangu hajapata habari.

Sikuwa na wazimu wa kutaka kuruka. Bila mabawa, hata wale kuku walikuwa na nafasi nzuri kuliko mimi. Nilichotaka ni kidogo tu. Utotoni, huko Rutshuru, ndege ndogo zilikuwa zikipita juu ya shamba letu la mahindi, nasi tulizikimbiza tukipiga kelele mpaka tunaangukia mtaroni. Hakuna iliyowahi kutusubiri. Nilitaka nikae ndani ya moja, nishike usukani, niisikie ikinguruma nami nikiwa ndani yake badala ya kuwa chini yake. Najua ni aibu kwa mtu wa umri wangu, mwenye mvi na watoto wa sekondari. Nilivumilia aibu hiyo vizuri sana.

Tuliisafirisha kwa chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, moja mbele na moja nyuma, tumeifunga kwa kamba za mpira. Wenye chukudu walikuwa wamezoea makaa na viazi, lakini mbao zao hazikulalamika. Kwenye mzunguko polisi wa barabarani akapiga filimbi. Alituzunguka, akainama, akachungulia chini ya tumbo la ndege.

"Hii iko gari gani?"

"Haiko gari, shefu. Iko ndeke," nikajibu.

"Kama iko ndeke, inafanya nini huku chini? Ndeke ya kweli inapitaka juu. Yenye kupita huku chini iko yangu."

Akataka kuona taa za kukatia kona. Mwenye chukudu ya nyuma, ambaye jasho lilikuwa linamwingia machoni, alimwambia taa zilienda pamoja na mabawa, na mabawa yako sokoni. Nilifikiri tumekwisha. Kumbe yule polisi naye alikuwa amekimbiza ndege utotoni. Aliomba akae ndani kidogo tu, nimpige picha kwa simu yake, kofia ikiwa imenyooka. Kisha akasimamisha magari yote, malori na pikipiki, ili sisi tupite kama msafara wa waziri. Nilipanda ndani nikapunga mkono dirishani, ndiyo. Nani asingepunga?

Tulipofika nyumbani nilimpigia mama yangu. Yeye bado analima kule Rutshuru, na hakuna jambo langu kubwa lisilopitia kwake kwanza. Nikaweka simu kwa sauti kubwa ili wenye chukudu na majirani waliokuwa wamejaa uani wasikie furaha yake. Sasa, huku kwetu ndeke ni yule anayetaga juu ya mti, na ndeke ni ile inayobeba mawaziri. Neno ni hilohilo moja.

"Mama, nimepata ndeke!"

"Ndeke? Iko mukubwa?"

"Mukubwa sana, Mama. Haiwezi hata kuingia kwenye mulango."

"Sasa iko inakula nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ua mzima ulicheka. Ningeweza kumweleza hapohapo, lakini utani ulikuwa mtamu mno. Nikajifuta machozi na kumwambia, "Inakula sana, Mama! Inakula kila kitu!"

"Ju ya nini unacheka?" akauliza. Sauti yake haikuwa na kicheko. Nami, mjinga, nikakata simu ili niendelee kucheka vizuri.

Aliyekuwa hacheki upande wangu ni mke wangu. Yeye ana mashine ya kusaga unga, na mashine hiyo ndiyo inayosomesha watoto wetu. Friji zangu husaidia pale zinapokumbuka. Mashine ilikuwa kwenye kibanda cha kupanga, kibanda kilichokuwa kinavuja kama kichujio cha chai, na mwenye nyumba alikuwa amemtaka aondoke Pasaka ikipita kwa sababu kijana wake anaoa. Hapakuwa na mahali pengine pa kuihamishia ila ua wetu, uliojaa mawe, na ambao sasa ulikuwa na ndege katikati.

Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Yeye ni mtu wa upande wa Bukavu, na akikasirika huongea polepole.

"Papa ya batoto, parseli yetu iko moja. Mashini na ndeke haiwezi kuingia yote."

"Nipe nafasi ingurume kwanza."

"Sawa. Ingurume mbele ya Pasaka. Ikinguruma, inabakia, miye nitatafuta fasi ingine. Ikikataa, naita batu ba sufuria."

Tukapeana mikono mbele ya watoto, na watoto, wasaliti wale, wote wakawa upande wa mama yao.

Watu wa sufuria hawakuhitaji kuitwa. Walianza kupita kila siku kunisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida, na kila salamu ilikuwa na mkono unaopapasa ubavu wa ndege. Mmoja aliusimamia mkia muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Papa, huyu mukia utatoa sufuria ya arusi." Nilimwambia aende akapapase kitu cha kwao.

Nami nikafanya kazi. Nilisugua kutu, nikabadilisha ribiti, nikanyoosha pua iliyopinda, nikaipaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye friji za watu. Milango na madirisha niliyafunga kwa mipira ya milango ya friji, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Ukivuta mlango wa rubani ulijifunga wenyewe kwa ule mvuto mtamu, pufu! Mke wangu alisema nimetengeneza friji ya kuhifadhia wanaume wavivu. Shirika letu, ile jumuiya ndogo ya kanisa, lilipokuja kusali nyumbani, akina mama walimwita mama piloti, na kiongozi wa sala aliwaombea wote wanaosafiri angani, kisha akanitazama na kuwaombea pia wanaosafiri uani. Amina yao ilikuwa na nguvu kuliko ilivyohitajika.

Shida ilikuwa injini. Nilijifanya naijua. Friji nayo ina mota, nikajiambia, na mota ni mota. Niliifungua, nikaiosha kwa petroli, nikaifunga, nikabaki na vipande viwili nisivyojua vilikotoka, nikavificha mfukoni. Nilipozungusha rafadha, ile feni kubwa ya puani, injini ilikohoa mara moja na kutoa panya. Baada ya panya haikutoa kitu kingine.

Juma Takatifu, mama yangu akashuka kutoka kwenye minibasi ya Rutshuru. Sikumtarajia. Aliingia uani nyuma ya pikipiki, na kati yake na dereva kulikuwa na gunia la mahindi makavu, yale mazuri, yaliyochaguliwa.

"Iko wapi ile ndeke?" akauliza kabla hata ya kukaa.

Watoto walinitazama. Nikaionyesha kwa kidevu.

Mama aliizunguka polepole. Aliigonga tumboni. Alitazama mahali yalipokuwa mabawa, akatazama gunia lake, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kila kitu, pamoja na ile simu na kile kicheko cha ua mzima. Nilitaka mawe ya uani yanimeze.

"Ulisema inakula sana," akasema.

"Mama, ulikuwa utani."

"Mutoto wangu, miye nimebeba hii gunia toka kwa shamba." Akaliweka chini ya pua ya ndege, akalikalia. "Basi. Nitangoja ikule."

Tangu hapo alikuwa analikalia gunia hilo kila nikifanya kazi, akichambua maharage, haniulizi kitu. Ni vigumu sana kufungua kabureta mbele ya mama aliyenyamaza. Mke wangu alimletea chai pale pale. Walielewana bila maneno, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Jumamosi Takatifu nilijaribu kwa mara ya mwisho. Nilivua shati. Nilizungusha rafadha mpaka mabega yakawaka, nikaomba, nikatukana kidogo, nikaomba tena kufuta yale matusi. Injini ilikaa kimya kama jiwe. Mke wangu alikuwa mlangoni, na nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alinipa taulo. Nilikaa kwenye kiti cha rubani, nikashika usukani, na niliumia moyoni, tena sana. Nilijua ahadi ni ahadi, na mashine yake haiwezi kulala barabarani kwa sababu mimi bado namkimbiza mtoto yule wa mtaroni.

Jumatatu ya Pasaka watu wa sufuria wakaja na nyundo, patasi na chukudu, wamevaa sura za msiba. Mke wangu alikuwa amehamisha unga wake asubuhi hiyo, magunia yamepangwa uani na juu yake turubai lenye matundu. Mtengeneza sufuria wa kwanza alipoinua nyundo, mvua ikashuka. Mnajua mvua yetu ya majira hayo, haibishi hodi. Watu wakakimbilia kwenye kibaraza. Mke wangu hakuja kibarazani. Alikimbilia unga wake, akafungua mlango wa ndege, akaanza kutupia magunia ndani, nami nikamsaidia, na mwishowe tukajirusha humo sote wawili na kuvuta mlango. Pufu!

Mvua ilipiga bati la juu kwa hasira. Mke wangu alipapasa dari kwa kiganja. Akapapasa pembe za madirisha, sakafu, ile mipira ya friji. Akanionyesha kiganja chake. Kilikuwa kikavu.

"Hapa hapavuye," akasema, polepole, lakini si ule upole wa hasira.

"Haiwezi kuvuja. Nimeifunga mimi."

Akageuka kutazama pua ya ndege, akanyoosha mikono yote miwili kupima upana wa mahali injini ilipokaa. Kisha akapima mahali pa viti vya nyuma. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mvua ilipopungua alifungua dirisha, akatoa kichwa na kuwaita wale wenye nyundo.

"Bapapa! Mutwae ile injini yenye kufa tu. Mwili unabakia."

Waliitoa pale pale, wakanung'unika kidogo, lakini injini nayo ni sufuria kadhaa na walijua hivyo. Katika pua tukaweka mota ya mazutu, yaani dizeli, ya mashine ya kusaga. Mkanda ukapita chini ya saa za rubani hadi nyuma, ambako kinu kilikaa mahali pa abiria. Mahindi yangeingizwa dirishani, unga utoke kwa mlango wa mizigo. Rafadha ilikatazwa kuzunguka isije ikanasa vitambaa vya wateja. Leo wanatundikia vikapu. Mimi niliomba kitu kimoja tu, kiti cha rubani kibaki, na mke wangu akakubali kwa sharti kwamba anayekikalia ndiye anayesaga.

Siku ya kuijaribu uani palijaa tena watu walewale. Nilizungusha mkono wa mota, ikakohoa, nikatazama kama kuna panya, kisha ikashika. Nikakimbilia kwenye kiti. Ndege nzima ilitetemeka, saa zote mbele yangu zikacheza, usukani ukanipiga viganjani, na ngurumo ikanijia kutoka puani hadi kwenye meno. Nilikuwa ndani yake. Nilifurahi hata nikapiga kelele kama zile za utotoni, na hakuna aliyenisikia kwa sababu ya ngurumo. Uwanja wa ndege wa mji wetu umefungwa siku hizi, kwa hiyo nasema bila kujivuna kwamba ndege inayonguruma Goma ni ya kwangu.

Mama akainuka. Akaliburuta gunia lake hadi dirishani, akakataa kusaidiwa, akamimina. Mahindi yakaingia kwa kelele, na upande wa pili unga ukaanza kushuka, mweupe, wa moto. Mama akakinga kiganja, akaulamba kidogo. Mahindi yalipokwisha nikapunguza mwendo wa mota, naye akaja kwenye dirisha langu.

"Inakula?" akaniuliza kwa sauti kubwa, ua mzima usikie.

"Inakula, Mama."

"Inakula sana?"

"Sana, Mama."

Akakung'uta gunia tupu, akalikunja, akaliweka chini ya kwapa.

"Haya," akasema. "Sasa ucheke."