Nimeharibu kitanda cha mama mukwe

Bandugu, leo nimefukuza mama mukwe mu kitanda kwa kusinzia tu.

Vita ilimukimbiza kule Luvungi, akatembea siku mbili. Nyumba yetu ni chumba kimoja, mama mukwe hawezi kulala na sisi.

Basi mu ile kombi yangu, gari ya vitanda vya juu na chini, yenye moteri ilikufa hapa inje, nikashusha kitanda cha juu, nikakiunganisha na cha chini, nikaweka matela mpya, godoro laini. Kikawa kipana, kizuri.

Nikajilaza kidogo, kujaribu tu.

Nafungua macho: mama mukwe iko ku mulango ya kombi, amejifunika uso na kitenge. Anaambia bibi yangu, binti yake: "Kitanda mukwe wangu amelalia, miye nikilalie? Hapana, mwanangu, ni mwiko."



Sasa ameketi chini inje, miguu imevimba. Nani hapa Kasenga iko na matela yenye miye sijalalia, anikopeshe?