Waziri Mkuu alivyonichelewesha kuoa Mlola

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe. Anayeona ni chai ya kutunga apite, nyuzi ziko nyingi.

Mimi ni mtu wa Soni, nanunua karoti na kabichi kwa wakulima na kupakia malori ya Dar. Kwenye kununua mboga huko Mlola ndiko nilikompata Mwanaidi. Nilimpenda sana yule binti, sioni sababu ya kuficha.

Tukapeleka posa. Mshenga wangu alikuwa Mjomba Hoza, mtu mwenye maneno yake.

Kwa wasiojua: huku kwetu muoaji akiambatana na mshenga, kazi yake ni kuamkia na kunyamaza. Unakaa karibu na mlango, unaangalia miguu yako. Mdomo ni wa mshenga.

Nikaamkia, nikakaa, nikaangalia miguu.

Tatizo baba yake Mwanaidi hazimi redio. Mjomba akiwa katikati ya kuomba, habari ikamtaja Waziri Mkuu. Mzee akainua mkono tunyamaze, akasikiliza, akasema, "Huyu hafiki uchaguzi. Anatolewa."

Wazee wote: "Kweli kabisa."

Mimi: "Hapana, mzee."

Wakuu, hadi leo sijui ilitokea wapi. Na sikuishia hapo. Nikaeleza kwamba uchaguzi umekaribia, kumtoa sasa ni kuwapa wapinzani la kusema. Mjomba Hoza akanikanyaga mguu. Nikamalizia hoja.

Mzee akahamia Kishambaa, nikajua nimeharibu. Kwa kifupi alisema redio alianza kusikiliza kabla mama yangu hajaolewa. Posa ameisikia, jibu tutapewa baada ya kujua Waziri Mkuu amebaki au ametoka.

Mwanaidi akanipigia. "Hivi ilikuwa lazima?"

Nikawa mfuatiliaji wa siasa kuliko wabunge. Mwanzoni niliomba Waziri Mkuu abaki. Baadaye nikapiga hesabu vizuri: akibaki, mzee ameaibika mbele ya wenzake kwa sababu yangu. Nikaanza kumwombea afukuzwe. Mtu hajanikosea chochote.

Huku nyuma akaja mwalimu mmoja wa Lushoto naye kuposa. Kila alichosema mzee, mwalimu alisema ndiyo. Nikakosa hamu ya kula.

Siku moja yakatangazwa mabadiliko ya baraza la mawaziri. Nikaacha kabichi juu ya lori nikasikilize. Wengine wamehamishwa, wengine wamepumzishwa. Waziri Mkuu yupo palepale.

Bunge likavunjwa. Bado yupo.

Mjomba Hoza akaniambia, "Umeshinda. Pole sana."

Tukarudi Mlola. Mzee akaitikia shikamoo kwa kuvuta. Halafu akanigeukia mimi, siyo mshenga.

"Na baada ya uchaguzi, atateuliwa tena?"

Jibu nilikuwa nalo, na sababu zake. Mjomba akakohoa. Nikamfikiria mwalimu.

Nikasema, "Mzee, mambo hayo mnayajua nyie wakubwa. Mimi sijui."

Akatueleza yeye anavyoona mpaka chai ikapoa. Alipomaliza akamwambia Mjomba, "Haya, tuzungumze mahari."

Tukaoana. Alhamdulillah.

Sasa juzi tunamenya viazi, nikawa najisifu kwa mke wangu jinsi nilivyomshika mzee siku ile ya pili kwa kujifanya sijui. Mwanaidi hakucheka.

Akasema, "Mwalimu nilimkataa mimi. Nilimwambia baba, huyu anaitikia kila kitu. Siku nikiumwa, ndugu zake wakisema nisipelekwe hospitali, ataitikia pia. Nikamwambia namtaka yule aliyekubishia."

Nikaweka kisu chini.

"Baba alishakubali kabla hamjafika. Lile swali alikuuliza kukupima kama bado una msimamo. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Uliposema hujui, nilitaka kulia."

Nikamuuliza, sasa mbona baba yako hakunikataa?

"Alinihurumia. Alisema nimeshakupenda, tufanyeje."

Akaendelea kumenya viazi.

Wakuu, nilikuja na funzo kwamba ukienda kuposa unyamaze, mwachie mshenga. Nimeandika hadi hapa naona siliamini tena. Wenye ndoa zilizokomaa, naombeni ushauri. Matusi nitayasoma pia, ila mke wangu ana akaunti humu.